Pokea Tiba, Usipokee Dharau

Somo juu ya mgonjwa aliyepasuliwa kwa ajili ya unene, na daktari asiyemheshimu



Mwezi huu twataka kujifunza neno ambalo wengi hulificha kwa haya. Wako ndugu zetu, wake kwa waume, ambao unene wao ulipita kiasi hata ukaleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Nao wakapasuliwa tumbo ili uzito upungue. Kisha, wanaporudi hospitali kuangaliwa, wengine hukutana na daktari mwenye kuwadharau. Je, mtu huyo afanyeje? Avumilie? Agombane? Au akae nyumbani asirudi tena? Tulipoulizwa neno hili mara ya kwanza tulijibu vibaya, na jibu letu lilimdhuru mtu. Kwa hiyo twaliandika somo hili, ili wengine wasijibu kama sisi.

1. Habari ya mama mmoja

Jina lake hatutalitaja. Alikuwa mwalimu wa shule, mama wa watoto wanne, umri wake miaka 51. Alipasuliwa katika mji mkubwa, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka kwake. Kazi ilikwenda vyema. Katika mwaka wa kwanza alipungua kilo 38, na kisukari chake kikatulia. Waliompasua walimwagiza mambo mawili: ameze vidonge vyake kila siku maisha yake yote, na damu yake ipimwe kila mwaka. Lakini nauli ilikuwa nzito. Basi mwaka wa pili akaenda hospitali iliyo karibu na kwake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Daktari alikuwa kijana, umri wake sawa na mwanawe wa kwanza. Mama aliingia, na yule kijana hakutoa shikamoo wala hakuinua macho. Alimpandisha juu ya mizani, mlango u wazi na watu wamepanga mstari nje, akasoma hesabu kwa sauti kuu. Zilikuwa zimeongezeka kilo 5. Akasema, "Mama, umekatwa tumbo na bado wanenepa? Fedha zote zile umezitupa. Ungalifunga mdomo tu, usingalihitaji kisu." Wauguzi wakacheka. Mama alikuwa amekuja kusema kwamba amechoka mno na ya kuwa nyayo zake zina ganzi. Hakulisema. Alitoka amejifunika uso kwa khanga yake.

Alipotujia, tulimwambia, "Vumilia, mama, madaktari wana kazi nyingi." Tulidhani tumemfariji. Kumbe yeye alisikia kwamba twamwambia anyamaze. Hakurudi hospitali muda wa miezi 14. Vidonge vikaisha, naye hakununua vingine. Ganzi ikapanda kutoka nyayo hata karibu na magoti, akawa akitembea kwa kushika ukuta. Siku moja wifi yake alimkuta ameanguka jikoni, akampeleka katika hospitali nyingine. Daktari wa huko, mama wa makamo, alimpa kiti, akafunga mlango, akamwuliza, "Dada, ulipasuliwa namna gani? Na tangu siku ile ni nani amekuwa akikuangalia?" Damu ilipopimwa, ilionekana kwamba vitamini B12 ilikuwa imepungua mno, na damu yenyewe pia ilikuwa pungufu. Akachomwa sindano kwa muda mrefu. Sasa anatembea pasipo kushika ukuta. Lakini vidole vya miguu havijapata fahamu yake yote, na pengine havitaipata.

Twasema wazi: kisu hakikumdhuru mama huyu. Aliyemdhuru ni dharau, pamoja na shauri letu sisi.

2. Upasuaji huu ni nini

Watu wengi hudhani kwamba mtu hukatwa mafuta yaondolewe. Sivyo. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Ziko namna mbili zinazofanywa zaidi. Kwa namna ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko huondolewa, kiasi cha robo tatu au zaidi, na kinachobaki ni kama bomba jembamba mithili ya ndizi. Kwa namna ya pili, huachwa kifuko kidogo tu juu, kiasi cha yai, nacho huunganishwa na utumbo mwembamba mahali pa chini zaidi, hata chakula hupita pasipo kugusa sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo. Namna hii ya pili ilianzwa na daktari Edward Mason pamoja na mwenzake Chikashi Ito, katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Tangu siku hizo imetengenezwa sana, na sasa mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo tu tumboni.

Tena upasuaji huu haupunguzi nafasi ya chakula tu. Hubadili pia habari ambazo tumbo hupelekea ubongo juu ya njaa na kushiba. Ndiyo sababu mara nyingi kisukari hutulia upesi, hata kabla uzito haujapungua sana. Basi mtu anayeuita "njia ya mkato ya wavivu" hajui asemalo. Aliyepasuliwa hula kidogo kidogo, hutafuna kwa muda mrefu, na akila vitu vitamu kwa wingi aweza kutoka jasho, kutetemeka na kuharisha.

3. Kwa nini kuangaliwa hakuna mwisho

Hapa ndipo penye shina la somo letu. Mtu aliyeshonwa jeraha la mguu, likipona, amemaliza kazi na daktari. Aliyepasuliwa kwa ajili ya unene hamalizi. Mwili wake sasa hupokea chakula kwa njia mpya, na vitu vingine haupokei vya kutosha. Madini ya chuma hupokelewa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Mahali hapo pakirukwa, damu hupungua. Vitamini B12 yahitaji kitu kinachotengenezwa na mfuko wa chakula; mfuko ukipunguzwa au ukirukwa, vitamini hiyo hupotea polepole, na mishipa ya fahamu hudhurika, kama ilivyokuwa kwa mama yule. Kalisiamu na vitamini D zikikosekana, mifupa hudhoofika. Na mtu anayetapika siku nyingi mfululizo aweza kukosa vitamini B1 katika muda wa majuma machache tu. Ndipo macho huona vitu viwili viwili, miguu huyumba, akili huchafuka. Hiyo ni hatari ya kuingia hospitali upesi, si jambo la kungoja.

Tena ziko dawa ambazo mtu aliyepasuliwa kwa namna ya pili hana budi kujihadhari nazo: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zaweza kumtia vidonda mahali pale palipounganishwa. Pombe nayo huingia katika damu yake upesi kuliko zamani. Na mwanamke hushauriwa asichukue mimba katika mwaka ule wa kwanza na zaidi kidogo, mpaka uzito wake utulie.

Basi yeye atakaye kupona hana budi kuwa na daktari anayeweza kuambiwa mambo yote. Wazee wetu walisema, "Mficha uchi hazai." Lakini ni nani afunuaye mbele ya mtu anayemcheka? Kwa hiyo dharau ya daktari si neno la adabu tu. Humfanya mgonjwa afiche dalili, kisha humfanya akimbie, na mwisho ugonjwa uliokuwa ukiponyeka kwa sindano huwa ulemavu.

4. Uzito ukirudi kidogo

Neno lililomwumiza mama yule lilikuwa habari ya kilo 5. Yafaa tujue kweli yake. Katika Uswidi, tangu mwaka 1987, wataalamu waliwafuata watu 4,047 wenye unene uliopita kiasi, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa na wengine hawakupasuliwa. Waliopasuliwa walikuwa wamepungua baada ya miaka 2 kiasi cha sehemu 23 katika mia ya uzito wao wa kwanza. Baada ya miaka 10 upungufu huo ulikuwa sehemu 17, na baada ya miaka 20 sehemu 18. Wale ambao hawakupasuliwa walibaki karibu pale pale walipoanzia. Tena waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba kazi hii yasaidia, na msaada wake hudumu. Pili, kwamba kurudi kwa kilo chache baada ya mwaka wa pili ni jambo la watu wengi, wala si ushahidi wa ulafi. Mwili uliopungua hujitetea: huongeza njaa na kutumia nguvu kidogo kuliko zamani. Daktari aliye mwema huuliza: wala nini? Walala namna gani? Wameza dawa gani? Pana huzuni nyumbani? Huenda likaonekana jambo la kurekebishwa. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi nyingi walitoa tamko la pamoja kuhusu aibu wanayotwikwa watu wanene. Walisema ya kwamba kudhani unene ni jambo la mtu kuchagua tu, tena huondoka kwa kula kidogo na kutembea zaidi, hakupatani na ujuzi uliokwisha patikana, na ya kwamba aibu hiyo yawadhuru watu mwilini na moyoni. Basi mgonjwa anayekataa kutukanwa hasimami kinyume cha elimu. Elimu i upande wake.

5. Kupambanua ukali na dharau

Walakini tusiwe wepesi wa kushtaki. Si kila neno chungu ni tusi. Daktari akisema, "Uzito umeongezeka kilo 5, vidonge hujavimeza, nami naogopa kwa ajili ya mifupa yako," huyo amesema kweli, hata kama uso wake ni mkavu. Kweli yake ipokelewe. Lakini akisema, "Wewe ni mlafi, umetupa fedha," huyo hakutaja ugonjwa wala dawa; amemtaja mtu kwa ubaya.

Kipimo chetu ni hiki: baada ya maneno yake, je, ninajua la kufanya kwa ajili ya mwili wangu? Kama ndiyo, huenda ulikuwa ukali tu. Kama sijui lolote ila kwamba nimeaibishwa, ilikuwa dharau. Tena iko dharau isiyo na matusi: daktari hakuulizi, hakupimi, kila utakalosema hulirudisha kwenye unene. Unasema mguu wauma, asema punguza uzito. Unasema tumbo lauma, asema punguza uzito. Hiyo ni hatari kuliko matusi, kwa sababu huficha ugonjwa mwingine.

Tukumbuke pia kwamba madaktari wengi wa wilayani hawajapata kumwona mtu aliyepasuliwa hivi, na mwenye kuona haya kwa kutokujua mara nyingine hujifunika kwa ukali. Neno hili latusaidia kumfahamu daktari. Halimpi ruhusa ya kudharau.

6. Mambo ya kufanya

Kwanza, njoo na karatasi. Waombe waliokupasua wakuandikie: namna ya upasuaji, tarehe yake, dawa za kumeza, vipimo vya damu vinavyotakiwa na mara ngapi. Karatasi hiyo humsaidia daktari asiyejua, nayo hukuokoa usibishane.

Pili, andika mambo yako matatu kabla ya kutoka nyumbani, lililo zito liwe la kwanza. Mama yule alikuwa na neno la ganzi, nalo halikutoka kinywani. Lingalikuwa limeandikwa, angaliweza kumpa daktari asome.

Tatu, usiende peke yako. Mchukue mume, dada, wifi, au rafiki mtulivu. Mtu mkali hupunguza ukali mbele ya shahidi, na masikio manne husikia kuliko mawili.

Nne, sema kwa upole na kwa wazi. Heshima si utumwa. Waweza kusema hivi: "Daktari, naomba nipimwe uzito mlango ukiwa umefungwa." Au: "Daktari, maneno hayo yananiumiza, tena yananifanya nifiche habari zangu. Naomba tuseme habari za ganzi hii." Na kama akataa kipimo kilichoandikwa katika karatasi yako: "Naomba uandike katika kadi yangu kwamba nimekiomba, na sababu ya kutokifanya." Wengi, wakisikia neno hili, hufikiri tena. Usirudishe tusi kwa tusi. Hasira hasara, na hasara itakuwa yako.

Tano, asipogeuka, omba daktari mwingine. Hii si dhambi wala si utovu wa shukrani. Katika Kenya, hati ya haki za wagonjwa ya mwaka 2013 yasema wazi kwamba mgonjwa astahili kutendewa kwa heshima, tena aweza kutafuta shauri la daktari wa pili.

Sita, peleka habari mahali pake. Anza na muuguzi mkuu au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kisha mganga mfawidhi. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na majina ya waliosikia; usiongeze chumvi. Neno likiwa kubwa, liko baraza: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na katika Kenya ni baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Mashtaka yaliyo ya kweli huwasaidia pia wagonjwa watakaokuja nyuma yako.

Saba, nalo ndilo kubwa: waweza kumwacha daktari, usiiache tiba. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kabla ya kumwacha wa kwanza, mtafute wa pili. Vidonge visikatike hata siku moja kwa sababu ya hasira, na siku ya kupimwa damu isipite. Mtu anayekataa kwenda hospitali ili kumkomoa daktari humkomoa nani? Daktari hulala usingizi wake. Ganzi hupanda miguuni mwa mgonjwa.

7. Dalili zisizongoja

Kwa aliyepasuliwa, dalili hizi hazingoji kesho: maumivu makali ya tumbo, hata kama imepita miaka mingi tangu kupasuliwa, kwa maana utumbo waweza kunaswa ndani, kutapika kusikokoma, kutapika damu au choo cheusi kama lami, homa na moyo kwenda mbio katika majuma ya kwanza, kukosa pumzi au mguu mmoja kuvimba, miguu kuyumba, macho kuona viwili viwili, akili kuchafuka. Aende siku ile ile, naye aseme mlangoni kabisa: "Nilipasuliwa tumbo kwa ajili ya unene." Akidharauliwa, asirudi nyumbani. Akae pale, wenziwe wamwite mganga mfawidhi, au wampeleke hospitali nyingine.

8. Neno kwa wanaowatembelea wagonjwa

Ninyi walimu na wazee wa usharika, mtakuwa wa kwanza kusikia habari hizi, kama tulivyosikia sisi. Mtu akikwambia, "Daktari amenidharau," usiwe mwepesi kumwambia avumilie. Mwulize kwanza: "Ulikuwa umekwenda kumwambia nini?" Hapo ndipo dalili iliyofichwa itatoka. Kisha mwulize: "Utarudi lini, nami niende nawe?" Maswali haya mawili yangaliokoa miguu ya mama yule. Wala tusidhani dharau i hospitali peke yake. Kama kwetu barazani wapo wanaocheka na kusema, "Yule alikatwa tumbo," sisi tumekwisha kumfundisha mgonjwa kujificha kabla hajafika kwa daktari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulikwenda kwa mama yule, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, mwezi ujao nina siku ya kupimwa damu. Wifi yangu amesafiri." Tukaenda naye. Tulikaa katika benchi saa tatu tukingoja, naye ameishika karatasi yake iliyokunjwa. Alipoitwa, aliingia, akasalimu, akajibiwa salamu yake.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini aliyepasuliwa kwa ajili ya unene hana budi kupimwa damu maisha yake yote?
2. Vitamini B12 ikipungua, mgonjwa huona nini mwilini mwake?
3. Taja tofauti ya ukali na dharau, kwa mfano wako mwenyewe.
4. Mgonjwa atamwambia nini daktari anayekataa kipimo?
5. Ni dalili zipi zisizongoja kesho?
6. Ni nani karibu nawe aliyeacha kwenda hospitali kwa sababu ya aibu? Utamwuliza nini juma hili?